Msitu Huanzia Jikoni

(Haya ni maneno ya katibu wa kikundi kimoja cha akina mama kutoka sehemu kavu za Kitui, alipozungumza na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia katika ukumbi wa kanisa. Tumeyaandika karibu vile alivyoyasema. Mwishoni kuna maswali ambayo kikundi chako kinaweza kujadili.)



Nimeambiwa nizungumze juu ya kazi ya kikundi chetu ya kutunza mazingira. Walioniita walitaka nieleze vile tumefaulu. Nitaeleza. Lakini nitaanza na vile tulivyoshindwa, kwa sababu huko kufaulu kidogo tulikopata kulitoka hapo. Tena nawaomba msiandike kwanza. Sikilizeni tu. Mtatoa kalamu nikifika kwenye vipimo.

MICHE MIA SITA

Mnakumbuka tarehe 13 Novemba 2023. Serikali ilitangaza siku hiyo kuwa sikukuu ya kupanda miti nchi nzima, katika ule mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Sisi tulikuwa tumetoka katika ukame mkali, misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha, tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022. Sasa ile Novemba ya 2023 mvua ilinyesha kweli kweli, hata mahali pengine ikaleta mafuriko. Mtu akiona udongo umelowa vile, anataka tu kupanda kitu chochote.

Tulipewa miche 600. Sisi wanachama tuko 28. Tuliimaliza yote siku moja: mingine kando ya barabara, mingine shuleni, mingine kwenye ukingo wa mto. Tuliimba, tukapigwa picha, tukanywa soda. Kila mche tuliuzungushia matawi ya miiba ili mbuzi wasiufikie. Jioni niliketi nikaandika ripoti: "Miti 600 imepandwa." Niliandika mimi, kwa mkono wangu huu.

Mwezi wa Agosti 2024 tukaambiwa kuna mgeni anakuja kuona miti. Tukasema haidhuru, twende tuangalie siku moja mbele ili tung'oe magugu kidogo. Lakini wapi! Magugu ya kung'oa hayakuwako, na miti pia haikuwako. Tulihesabu miche 71. Tukarudia kuhesabu tukidhani tumekosea. Sabini na moja.

Tulikaa chini ya mwembe tukaanza kesi. Kila mtu alikuwa na mshtakiwa wake. Mmoja alisema ni jua. Mwingine akasema ni mbuzi wa watu wa ng'ambo ya mto. Mwingine akasema ni watoto wa shule, hawana adabu siku hizi. Ndipo mama mmoja, aliye mkubwa kuliko sisi sote na ambaye si msemaji, akauliza neno moja tu: "Na ile miiba, ilikwenda wapi?"

Tukanyamaza. Kwa maana mbuzi hula majani, lakini mbuzi hafungi mzigo wa kuni kwa kamba akaubeba mgongoni.

Ndugu zangu, nilijua ilikokwenda. Jioni moja ya mwezi wa Julai mtoto wangu alikuwa na homa. Nilitaka kumpikia uji, na nyumbani hapakuwa hata na kijiti. Kwetu kufuata kuni ni mwendo wa saa mbili kwenda, na giza lilikuwa linaingia. Nilichukua panga nikaenda barabarani nikatoa miiba ya miche minne. Nilijiambia Jumamosi nitairudisha. Sikuirudisha.

Basi nikainua mkono pale mkutanoni nikasema, "Miiba ya miche minne niliichukua mimi." Mimi katibu. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Kidogo mwingine akainua mkono. Halafu mwingine. Mwishowe tulikuwa kumi na mmoja. Kuna waliocheka na kuna mmoja aliyelia, kwa sababu yeye hakuchukua miiba tu, alikata na mti wenyewe.

Siku hiyo ndiyo tulielewa jambo ambalo nimekuja kuwaambia leo. Tulikuwa tunapanda mti kwa mkono wa kulia na kuupika kwa mkono wa kushoto. Jiko likiwa na njaa, hakuna mti ulio salama, hata ukipandwa kwa nyimbo.

TULIANZA KWA KUHESABU MIZIGO

Hatukukimbilia kutafuta miche mingine. Tulikubaliana kwamba kwa mwezi mzima kila mama ahesabu mizigo ya kuni inayoingia nyumbani kwake, iwe ya kukata au ya kununua. Asiyejua kuandika alikuwa anapiga mstari wa makaa ukutani. Mwisho wa mwezi tukaleta hesabu. Kwangu mzigo mmoja ulikuwa unaisha kwa siku tatu. Kwa wengine siku mbili. Tulipojumlisha mizigo ya nyumba 28 kwa mwezi mmoja, wazee walioalikwa walitingisha kichwa. Mmoja alisema, "Kumbe sisi tunakula msitu, na mahindi ni kitoweo tu."

Sasa toeni kalamu.

Jambo la kwanza ni JIKO. Moto wa mafiga matatu moto wake mwingi hupotea pembeni, unapasha upepo. Jiko la udongo lenye ukuta hushika moto chini ya sufuria. Si kitu kipya. Tangu miaka ya 1980 akina mama wa Kenya wamefundishwa lile jiko lililoitwa Maendeleo, lenye kigae kinachojengewa ukuta wa udongo. Likijengwa vizuri na kutumiwa vizuri hupunguza kuni sana, karibu nusu.

Tulijenga kwa mwethya, nyumba kwa nyumba, kila Jumatano nyumba mbili. Udongo tulitumia wa kichuguu, tukachanganya na majani makavu yaliyokatwa vidogo na samadi kidogo, tukakanyaga mpaka ukashikana. Kigae tulinunua kwa pesa ya kikundi, na kila mwenye nyumba akarudisha kidogo kidogo. Jiko likishajengwa, liache likauke majuma mawili kabla ya kuwasha moto mkubwa. Mimi sikungoja. Niliwasha siku ya nne, ukuta ukapasuka, ikabidi waje kunijengea tena huku wakinisema.

Jiko peke yake halitoshi. Kuni ziwe kavu na zipasuliwe ndogo. Sufuria ifunikwe. Maharagwe na mahindi makavu yalowekwe tangu usiku. Na ukimaliza kupika, toa kuni uzime, usiache zinaungua bure ukisema utapika chai baadaye.

Jambo la pili ni KIKAPU. Hiki watu hawaamini mpaka waone. Chukua kikapu kikubwa au katoni imara. Ndani yake weka matambara, blanketi kuukuu au nyasi kavu, unene wa kiganja kila upande na chini pia. Shona mto wa kufunika juu, uujaze vitambaa. Isyo yako, yaani mahindi na maharagwe yaliyolowekwa, ichemshe jikoni ikiwa imefunikwa mpaka itokote vizuri nusu saa. Kisha itoe moja kwa moja, bila kufunua, uitie kikapuni, uifunike kwa mto, uende shambani. Ukirudi baada ya saa nne au tano imeendelea kuiva kwa moto wake mwenyewe. Unairudisha motoni ichemke tena kidogo, unakula. Usifungue kikapu kila saa kuchungulia, maana moto ndio unautoa. Na chakula kisilale humo mpaka kesho, kitaharibika.

Mume wangu alikiita kikapu cha uchawi. Sasa akirudi nyumbani ndicho cha kwanza kukifunua.

Kwa jiko na kikapu, mzigo wangu wa siku tatu sasa unafika siku sita, mara nyingine saba. Yaani nilikuwa nakwenda kuni mara mbili na zaidi kwa wiki, sasa ni mara moja. Zile saa nilizopata ndizo ninazonyweshea miti. Hakuna mtu aliyenipa mshahara wa kutunza miti. Jiko ndilo lililonipa.

Na tusisahau kifua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kutokana na uchafu wa hewa wa ndani ya nyumba, yaani moshi wa kupikia na mambo kama hayo, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano ni zaidi ya 237,000. Moshi ule tunaosema ati ni wa kawaida. Jiko la udongo haliondoi moshi wote, kwa hiyo fungua dirisha, na mtoto asifungwe mgongoni wakati unapuliza moto.

MTI UPANDWE MAHALI MAJI YANAFIKA

Baada ya jiko ndipo tulirudi kwenye miti. Safari hii hatukutaka 600. Tulisema kila mama apande mitano tu, nyumbani kwake, mahali anapoweza kuiona akiwa mlangoni. Watano mara 28 ni 140. Watu wengine walitucheka.

Kwa nini nyumbani? Kwa sababu mti wa barabarani ni wa wote, na kitu cha wote kikikauka hakuna anayeulizwa. Na kwa sababu maji ya vyombo yako nyumbani. Maji uliyooshea sahani, mboga na mikono hayamwagwi tena uani. Kila mche unapata kikombe jioni moja, mwingine jioni ya pili, kwa zamu. Maji yenye sabuni nyingi au mafuta yapumzishe, usimwagie mche mchanga.

Shimo tunachimba kabla ya mvua, si siku ya mvua. Upana futi mbili na kina futi mbili. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Unaporudisha, udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza ndio unatangulia. Usijaze shimo mpaka juu. Acha bakuli la kukusanya maji ya mvua, kisha funika kwa majani makavu ili jua lisinywe unyevu. Wengine wametoboa chupa kuukuu ya plastiki tundu dogo la sindano wakaifukia kando ya mche, wanaijaza maji inadondoka polepole. Hiyo chupa ingekuwa takataka.

Juu ya takataka niseme neno moja. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Wakati ule tulinung'unika, tukasema sasa sukari tutabebea wapi. Leo vyondo vyetu vimerudi, na mama wawili katika kikundi chetu wanapata karo kwa kusuka vyondo.

Miti gani? Tulipanda mukau kwa mbao, kwa maana huo ni mti wa kwetu, unavumilia ukame, mbao zake mchwa hawazipendi, na majani yake mbuzi wanakula wakati wa kiangazi. Lakini mbegu yake ni ngumu sana kuota. Lazima kokwa lipasuliwe, mbegu ikatwe ncha kidogo na kulowekwa. Sisi tulijaribu tukashindwa mara mbili, ndipo tukaenda kwa watu wa KEFRI ambao wana kituo Kitui. Tulipanda pia mwarubaini, na mpapai kwa sababu watoto hawawezi kungoja mbao miaka kumi au kumi na mitano. Ukitaka watoto walinde miti, weka mmoja unaozaa upesi.

Hapa kuna neno la wanaume, wazee mniwie radhi. Kwa nyumba nyingi mama hawezi kupanda mukau bila mzee kukubali, kwa sababu mti wa miaka mingi ni kama alama ya shamba. Wenzetu watatu miche yao iling'olewa na wenyewe wa boma, si kwa ubaya, ila hawakuwa wameulizwa. Tangu hapo tunawaita waume siku ya kuchagua mahali pa shimo. Mzee akionyesha mahali kwa fimbo yake mwenyewe, mti ule hatafunga mbuzi hapo.

MAKAA NA KARO

Sasa nafika mahali pagumu. Tuna mwenzetu mjane ambaye anachoma makaa. Wote mnajua mtu kama huyo kwenu, pengine ni wewe. Baada ya ile kesi ya miiba tulitunga sheria: mwanachama akichoma makaa, faini shilingi 500. Tuliona tumefanya kazi nzuri.

Na makosa yako, hatukatai. Katika tanuri la kawaida la udongo zinakwenda kilo 5 hadi 10 za kuni ili kupata kilo moja ya makaa. Hiyo ni hasara kubwa. Pia mwaka 2009 zilitungwa kanuni za makaa zilizotaka wachomaji wa biashara wajiunge katika vyama na wawe na kibali.

Basi tukamwita. Alisimama, hakupiga kelele. Akasema, "Faini nitalipa. Lakini mjue pesa hiyo nitaipata kwa kuchoma gunia lingine."

Hakuna aliyekuwa na jibu. Kijana wake yuko kidato cha pili. Amerudishwa nyumbani kwa karo mara ngapi, na sisi majirani tulikuwa tunamwona akipita na sanduku, tukasema pole.

Tuliondoa faini. Tulifanya mambo mawili badala yake. Kwanza, zamu yake ya merigo tuliileta Januari, shule zikifunguliwa. Pili, tulimpa kazi ya kitalu cha miche. Kikundi kinamlipa kwa kila mche unaofika magotini ukiwa na afya. Si kwa mbegu aliyopanda, kwa mche uliofika magotini.

Na yeye ndiye akatufundisha sisi. Mchomaji makaa anajua miti kuliko mtu yeyote. Anajua mti gani ukikatwa unachipuka na mti gani ukikatwa umekufa. Alitupeleka malishoni kwenye visiki tulivyodhani vimekufa, akatuonyesha machipukizi yaliyoliwa na mbuzi kila mwaka. Akasema, "Hapa mna msitu, mmekataa tu kuungoja."

Wenzetu wa Dodoma, Tanzania, wanaiita kazi hiyo kisiki hai, na katika nchi ya Niger, ambayo ni kame kuliko sisi, wakulima wameifanya tangu miaka ya 1980 na miti imerudi mashambani. Kazi yenyewe ni hii: chagua kisiki chenye machipukizi. Acha mawili au matatu yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine kata. Punguza matawi ya chini kwa panga kali, ukate kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Weka alama ya kitambaa, kila mtu ajue kisiki hiki kina mwenyewe. Mizizi tayari iko chini kabisa penye unyevu, kwa hiyo hakihitaji kunyweshewa. Na yale matawi uliyokata ndiyo kuni zako. Kuni bila kuua mti.

Sitawadanganya kwamba ameacha makaa kabisa. Agosti ya mwaka jana kijana alirudishwa, na pesa ya merigo ilikuwa imeshatumika. Alichoma magunia mawili. Lakini alikuja mwenyewe mkutanoni akasema kabla hatujasikia kwa watu. Tuliandika kwenye kitabu. Hakuna aliyemkemea. Hapo zamani alikuwa anachoma kila mwezi. Kwangu mimi hayo ni maendeleo.

TUNAHESABU WALIO HAI

Kitu cha mwisho ni kitabu. Tuna daftari moja la kurasa 120. Limepigwa mistari: jina la mwenye mti, aina ya mti, siku ya kupanda, halafu nafasi ya kuandika "hai" au "umekufa" kila mwisho wa kiangazi. Tunahesabu mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba, kabla ya mvua. Mtu hajihesabii mwenyewe, anahesabiwa na jirani.

Huo si uvumbuzi wetu. Marehemu Profesa Wangari Maathai alipoanza kazi ambayo baadaye ilijulikana kama Green Belt Movement, walianza na miti saba, pale Kamukunji, Nairobi, tarehe 5 Juni 1977. Vikundi vya akina mama vilipokuwa vinaotesha miche, vilikuwa vinapewa pesa kidogo kwa kila mche uliopandwa na kuishi. Ulioishi. Hakulipa kwa shimo, alilipa kwa uhai. Kazi hiyo ikakua mpaka mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Nobel ilitoka kwenye kuhesabu miche ya akina mama vijijini, mmoja mmoja.

Katika Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 69, imeandikwa kwamba Serikali ifanye bidii miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi. Hesabu ya Serikali ya mwaka 2021 ilionyesha miti imefika asilimia 12.13, na misitu asilimia 8.83. Ni vizuri. Lakini asilimia haitoi kivuli kwenye uwanja wako. Daftari ndilo linakuambia kwako kuko namna gani.

Basi ile miche 140 tuliyopanda Novemba 2024, tulipoihesabu Oktoba 2025, ilikuwa 112 hai. Pamoja na ile 71 ya zamani, ambayo imebaki 64, kwa sababu sasa tumeizungushia miiba tena na miiba imekaa. Haya ndiyo mafanikio yangu yote mliyoniita nije kuyasema. Miti 176, na visiki ambavyo bado hatujamaliza kuvihesabu. Ripoti yetu ya sasa ni ndogo kuliko ile ya 600. Lakini ukija nitakuonyesha mmoja mmoja, na jina la mwenyewe.

WAZEE WETU WALIFANYA ZAIDI

Kuna anayefikiria, nchi yetu ni kavu, watu wamezidi, tutaweza nini? Ndugu, katika miaka ya 1930 wakuu wa serikali ya kikoloni waliandika kwamba ardhi ya Machakos imekwisha, imeliwa na mmomonyoko. Wilaya ile ya Machakos ya wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni ya leo. Kufikia mwaka 1990 watu wa wilaya hiyo walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano. Lakini watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochunguza na kuandika kitabu mwaka 1994, walionyesha kwamba mmomonyoko ulikuwa umepungua, na miti na mavuno yamezidi. Kwa nini? Kwa sababu watu walichimba matuta ya fanya juu, wakapanda miti mashambani. Na sehemu kubwa ya matuta hayo yalichimbwa na mwethya, wengi wao akina mama, kwa jembe na sepetu. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa anarudi jioni viganja vimepasuka, anapaka mafuta ya ng'ombe, kesho anakwenda tena. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo mkirudi nyumbani, msianze na sherehe. Msianze na kuandika barua ya kuomba miche. Kaeni chini, ulizaneni kila mmoja anachoma mizigo mingapi kwa mwezi. Na kama kuna aliyechukua miiba, mpeni nafasi ya kusema bila kumcheka. Kwetu kazi ilianza hapo.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Nyumba ya kila mwanachama inatumia mizigo mingapi ya kuni, au magunia mangapi ya makaa, kwa mwezi? Hesabuni kwa mwezi mmoja, kisha mjumlishe.

2. Miti mliyopanda mara ya mwisho, ni mingapi iko hai leo? Nani aliihesabu?

3. Kuna mwanachama anayekata miti kwa sababu ya shida? Shida yenyewe ni gani, na kikundi kinaweza kufanya nini kabla ya kumtoza faini?

4. Katika malisho au mashamba yenu, kuna visiki vinavyochipuka? Chagueni kumi, mviwekee alama, mvilinde msimu mmoja, muone.